Maji Yake Ni ya Wapi?



Ndugu msomaji, katika safu hii nimezoea kukuzungumzia mambo ya watu: ndoa na malezi, jirani na jirani yake, mzee na wanawe. Leo naomba uniwie radhi nikikueleza habari za samaki mmoja ambaye, pamoja na mkia wake, hazidi urefu wa kidole changu cha kati. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka minane. Alipokhitimu Juzuu Amma madrasani nilimwahidi zawadi aipendayo, nikidhani atataka baisikeli. Akataka samaki. Si samaki yeyote, bali beta mwekundu aliyemwona dukani ndani ya kikombe cha plastiki, mwenye mapezi marefu mfano wa mtandio wa bibi harusi. Wauzaji wengine humwita faita, kwa sababu madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hata kuuana. Muuzaji aliniambia kwamba samaki huyu hana shida: bakuli dogo na punje chache za chakula, basi. Nilimwamini upesi, kwa kuwa hayo ndiyo niliyotaka kuyasikia.

Bakuli la kioo la lita mbili tulikuwa nalo kabatini. Tukaliweka dirishani ili wageni walione. Mtoto akawa anamlisha samaki wake kabla ya kwenda shule, akitoka shule, na tena akitoka madrasa. Nami kila baada ya wiki mbili niliyamwaga maji yote, nikalisugua bakuli likang'ara, nikatia maji mapya moja kwa moja kutoka mferejini. Nilijiona mtu safi.

Ikafika miezi ya kusi. Jioni moja ya mwezi wa Julai, baada ya Maghrib, mtoto alinijia amelishika bakuli kwa mikono miwili.

"Babu, samaki wangu hali chakula tangu juzi. Wala haogelei. Amelala tu."

Nilivaa miwani nikamtazama. Mapezi yaliyokuwa yakipepea yalikuwa yamekunjika na kugandana na mwili. Rangi yake ilikuwa imepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Ncha za mkia zilikuwa zimelika, na pembezoni mwake palikuwa na weusi mwembamba kama ukingo wa karatasi iliyoungua. Alilala chini ya bakuli, ubavu wake umeegemea kioo. Kila baada ya muda alijikokota hadi juu kuvuta pumzi, kisha akashuka tena.

Mjomba wa mtoto, ambaye ni mwanangu wa mwisho, alitoa rai mbili usiku huo. Rai ya kwanza ilikuwa kufungua kapsuli ya antibiotiki iliyobaki nyumbani na kuinyunyiza majini. Rai ya pili aliniambia kwa kunong'ona: "Baba, kesho nikipita mjini nitanunua mwengine mwekundu kama huyu. Hatajua."

Mama yake mtoto alikuwapo. Hakusema kitu, na kimya chake kilikuwa cha kukubali. Nami nitakuwa mkweli kwako, msomaji: rai hiyo ya pili ilinipendeza. Samaki mwengine hagharimu mali nyingi, na machozi ya mtoto ni mazito kuyatazama. Nililala nayo usiku kucha.

Asubuhi, mtoto akiwa amekwisha kuvaa sare ya shule, alisimama mlangoni akaniuliza, "Babu, akifa, utaniambia?"

Labda alisikia minong'ono ya usiku, labda hakusikia. Nikamjibu, "Nitakwambia." Hapo rai ya mjomba wake ikafa, na kazi ikaanza.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja ambaye amefuga samaki wa mapambo kwa miaka mingi. Nilimwendea nikamweleza dalili zote moja baada ya moja, kisha nikamwuliza ni dawa gani nikanunue. Hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Maalim, maji yake ni ya wapi?"

Nilimweleza habari ya mfereji, na bakuli, na usafi wangu wa kila wiki mbili. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mwanafunzi aliyeharibu hesabu nzima kwenye mstari wa kwanza.

Ninayokuandikia sasa ndiyo niliyojifunza kwake, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye ili kuhakikisha.

Samaki huishi ndani ya maji yaleyale anamotoa kinyesi chake. Kinyesi hicho, pamoja na mabaki ya chakula yanayooza, huzalisha amonia, nayo huunguza matamvua na ngozi. Maji yanaweza kuwa maangavu kama bilauri ya kunywea, na bado yakawa yamejaa sumu hiyo. Mtoni au bwawani amonia huzimuliwa na wingi wa maji, nao bakteria walioenea kwenye mawe na mimea huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Katika bakuli la lita mbili hakuna wingi wa maji, na bakteria hao wema mimi nilikuwa nikiwasugua na kuwamwaga kila mara walipoanza kutulia.

Maji ya mfereji nayo hutiwa klorini ili sisi tusipate maradhi. Klorini hiyo hiyo humchoma samaki. Kisha kuna baridi. Beta ni samaki wa nchi ya joto, na maji yanayomfaa ni ya nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Sisi hudhani kwamba Mombasa haina baridi. Lakini nilipoazima kipimajoto na kukitia kwenye bakuli la dirishani alfajiri, katika upepo wa kusi, kilisoma nyuzi 22. Maji machache hupoa upesi usiku na kupata moto upesi mchana, na mwili wa samaki hauna njia ya kujikinga na kupanda na kushuka huko. Akidhoofika, vijidudu ambavyo siku zote vimo majini hupata mlango, navyo huanza kula mapezi.

Basi samaki wetu hakuvamiwa na ugonjwa kutoka nje. Aliugua kwa sababu ya nyumba tuliyompa.

Nilimwuliza mzee yule: mbona basi madukani hukaa vikombeni na hawafi? Akanifahamisha kwamba juu ya matamvua yake beta ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Asili yake ni Thailand, nchi ambayo mwaka 2019 ilimtangaza rasmi kuwa mnyama wa majini wa taifa. Huko huishi katika mashamba ya mpunga na vinamasi vya maji mafupi, ambamo oksijeni huwa chache. Maji hayo ni mafupi, lakini ni mapana, yana joto, na yamejaa mimea. Kiungo kile humwezesha kuvumilia kikombe kwa siku kadhaa. Sisi tuliuona uvumilivu wake, tukadhani ni afya.

Nilirudi nyumbani nikiwa na fikira nzito. Sote tunaijua habari aliyotusimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Nilikuwa nikiisikia tangu utotoni, na kila mara nikamfikiria mwanamke yule kuwa katili. Siku ile nilifikiri juu ya kufungia kwenyewe. Kiumbe uliyemfungia hawezi kwenda kujitafutia maji mengine. Maji yake yote yako mikononi mwako.

Tiba tuliifanya hivi.

Tulinunua ndoo ya plastiki ya lita 20, mpya, isiyowahi kuguswa na sabuni. Tuliijaza maji lita 16, ili ibaki nafasi ya hewa juu, na tukaifunika kwa kifuniko chenye matundu, kwa kuwa beta huruka, na hewa anayoivuta inafaa iwe na uvuguvugu. Maji yenyewe yalikuwa ya mfereji, yaliyokaa wazi katika beseni kutwa na usiku kucha ili klorini itoke. Mzee alituonya kwamba iko aina nyingine ya klorini isiyotoka kwa kuachwa wazi, hivyo tukaongeza na matone ya dawa ya kuiondoa inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji ya kisima chetu alitukataza, kwa sababu yana chumvi, na ya mikokoteni akasema tusiyatumie bila kujua yametekwa wapi.

Tulitia hita ndogo iliyowekwa kwenye nyuzi 26. Asiye na hita aihamishe ndoo mbali na dirisha na upepo, aizungushie blanketi, wala asimimine maji ya moto. Samaki hatukumtumbukiza kwa ghafla. Alikaa katika kikombe kinachoelea juu ya maji mapya, nasi tukamwongezea kikombeni maji hayo kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima, kisha tukamwachilia.

Kila siku baada ya Alasiri tuliondoa robo ya maji, pamoja na uchafu wa chini, tukarudisha maji yaliyopumzishwa yenye joto lilelile. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mengine yote ni nyongeza.

Nyongeza ya kwanza ilikuwa chumvi tupu isiyochanganywa na kitu. Tulitia kijiko kimoja cha chai kwa kila lita nne, ikiyeyushwa kwanza kando, kwa muda usiozidi siku kumi. Hapa pana jambo la kuangalia: chumvi haipai hewani pamoja na maji. Ukibadilisha lita nne, ongeza chumvi ya lita nne tu. Ukitia ya ndoo nzima kila siku utamuua.

Nyongeza ya pili ilinifurahisha. Mzee alimtuma mtoto kuokota majani ya mkungu, yale makavu ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, mahali pasipopulizwa dawa. Mti huu uliojaa ufukweni na katika viwanja vya shule zetu ndio huo huo ambao wafugaji wa beta wa Thailand hutumia majani yake. Tuliyaosha, tukatia jani moja ndooni, na baada ya siku mbili maji yakawa na rangi ya chai nyepesi. Rangi hiyo hupunguza mwanga na kumtuliza samaki, na wafugaji husema huzuia vijidudu kwa kiasi. Lakini jani halifui maji, na anayelitia akaacha kubadilisha maji anajidanganya.

Kuhusu ile kapsuli ya mjomba, mzee aliikataa katakata. Hatukujua kipimo, hatukujua ni kijidudu gani, na dawa hiyo ingewaua bakteria wema pamoja na waovu. Zaidi ya hayo, mabaki ya antibiotiki yanayotumiwa ovyo huvifundisha vijidudu kuishinda dawa, na siku moja sisi wenyewe ndio tutakaoihitaji.

Siku nne za kwanza hatukuona nafuu. Usiku wa tano ulikuwa mbaya. Samaki alipinduka ubavu, matamvua yakipumua kwa shida, na mtoto akakataa kwenda kulala. Aliketi kando ya ndoo na daftari lake ambamo alikuwa akiandika kila siku: saa, joto la maji, amekula au hakula. Mjomba wake alinitazama, nami nikamtazama. Nilikumbuka habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kijindege chake. Kijindege kilipokufa Mtume hakumwambia kwamba kijindege si kitu. Alimwona mtoto akiwa na huzuni, akamsemesha kuhusu kijindege chake. Nikaketi sakafuni karibu na mjukuu wangu, magoti yangu yakilalamika.

"Babu, mimi ndiye niliyemwua kwa chakula kingi?"

"Hajafa, mwanangu. Nawe ulimlisha kwa mapenzi. Aliyekosea maji ni mimi. Nilikuwa sijui, na sikuuliza."

Alifikiri kidogo. "Basi niandike hivyo?"

"Andika."

Akaandika. Mpaka leo limo katika daftari lile, kwa mwandiko wa penseli, kosa la babu yake.

Niliamka kabla ya alfajiri, nikaenda na tochi kabla sijatia udhu, nikiwa nimeyapanga maneno nitakayomwambia akiamka. Samaki alikuwa amejilaza juu ya jani la mkungu, karibu na uso wa maji, wima. Aligeuka kuufuata mwanga wa tochi.

Siku ya saba alikula kiluwiluwi kimoja cha mbu kutoka katika kopo tuliloliacha nyuma ya nyumba kwa ajili hiyo. Viluwiluwi ni katika vyakula vyake vya asili. Ukivitega, hakikisha unavimaliza kabla havijawa mbu. Baada ya hapo alipewa punje mbili asubuhi na mbili jioni, kwa kuwa tumbo lake halizidi sana ukubwa wa jicho lake, na kilichobaki kiliondolewa papo hapo. Wiki ya tatu, pembezoni mwa mkia palizuka utando mwembamba unaopenya mwanga, mfano wa kioo. Huo ndio mwili mpya. Weusi uliotangulia ulikuwa wa kuoza, na uangavu huu ulikuwa wa kupona.

Sasa anaishi katika tangi la lita 20, lenye hita na chujio la sponji. Sponji hiyo tulipewa na mzee, nayo ilikwisha kukaa miezi mingi katika tangi lake, hivyo ilikuja na bakteria wema tayari. Kuwaanzisha upya huchukua wiki kadhaa. Kila wiki tunabadilisha robo ya maji, wala hatuyamwagi yote. Sponji husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, si mferejini. Vyombo vya samaki havichanganyiki na vya jikoni, na mikono huoshwa kabla na baada.

Si kila samaki hupona. Ukiona tumbo limefura na magamba yamesimama yote, mwili ukawa kama tunda la mvinje, fahamu kwamba viungo vya ndani vimekwisha kuharibika na matumaini ni machache. Ukiweza kumpata daktari wa mifugo anayewajua samaki, mwendee mapema. Usipoweza, bado una la kufanya: maji safi, joto, utulivu, na kumwambia mtoto ukweli.

Mkia wa samaki wetu haukurudi wote. Upande wa kushoto umebaki pengo dogo, na katika daftari mjukuu wangu ameuchora nalo pengo lenyewe, bila ya kulijaza. Wiki iliyopita aliniuliza beta huishi miaka mingapi. Nikamwambia wengi huishi miwili hadi minne, na kwamba huyu hatujui alikuwa na umri gani tulipomnunua.

Akaniuliza tena, "Na siku hiyo utaniambia?"

Nikamjibu kama nilivyomjibu mara ya kwanza. Mjomba wake alikuwapo, akasikia. Siku ya pili alirudi kutoka mjini na kipimajoto kipya cha tangi, akakiweka mezani bila kusema kitu.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako kuna bakuli la samaki dirishani, leo baada ya Alasiri litazame vizuri, na uulize lile swali nililoulizwa mimi. Tukutane wiki ijayo, inshaallah, katika mambo ya watu.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum.